Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu PTSD, kwa sisi watu wa Kusini

Naandika nikiwa Masasi. Mwezi wa kumi na moja 2015 nilipata ajali ya basi kati ya Nangurukuru na Lindi, nilikuwa narudi kutoka Kariakoo kufuata vitenge. Mkono ulivunjika ukaunga, kidonda cha kichwani kikafunga, watu wakaja kunipa pole na kumshukuru Mungu kwamba nimetoka salama, na mimi nikawa naitikia tu huku ndani najua kabisa bado sijatoka. Ilinichukua miaka mitatu kujua kwamba nilichokuwa nacho kina jina na kina tiba. Tangu nimeanza kuongea wazi watu wananiuliza, wengine sokoni, wengine wananivuta pembeni msibani, wengine wanatuma meseji saa nane za usiku maana ndio saa yenyewe hiyo. Mimi sio daktari. Nimetibiwa, nimesoma, na nimekaa na wauguzi wa afya ya akili wakanisahihisha pale nilipokuwa nakosea, kwahiyo haya ni majibu ninayoyatoa kila siku nimeyaweka pamoja.

PTSD ni kitu gani hasa?

Ni pale tukio la kutisha limekwisha lakini mwili na akili vinaendelea kuishi kama vile linatokea sasa hivi. Kuna wanaoita ugonjwa wa kiwewe, kuna wanaosema msongo baada ya kiwewe, ila hospitali ukitaja PTSD wanakuelewa haraka zaidi.

Sisi wa korosho naona tutaelewana hivi. Gunia likifika ghalani linapimwa, ubora unaangaliwa, linaandikiwa stakabadhi yenye jina na tarehe, halafu linapangwa mahali pake. Kumbukumbu za kawaida akili inazifanyia hivyo hivyo. Sasa siku ya tukio la kutisha ni kama lori limekuja usiku, mvua inanyesha, watu wanapiga kelele, magunia yanarushwa ndani ovyo na mlango unafungwa kwa nguvu. Hakuna kilichopimwa wala kilichoandikiwa tarehe. Baadae unafungua mlango kuchukua kitu kingine kabisa, lile rundo linakuporomokea, na kwakuwa halina tarehe akili inaamini ni mzigo wa leo. Wataalamu wanaeleza kwamba kuna sehemu ndogo ya ubongo inaitwa amigdala, kazi yake kupiga king'ora cha hatari, na kuna nyingine inaitwa hipokampasi ambayo ni kama karani wa mahali na tarehe. Kwenye kiwewe king'ora hakizimi na karani kazidiwa.

Nitajuaje kama ninayo?

Dalili zinakuja kwa mafungu manne. La kwanza tukio linarudi lenyewe bila kuitwa, kwa ndoto, kwa picha, au mwili tu unaingia hofu. Basi letu lilikuwa limebeba ndoo nyingi za maembe, zilipasuka zote, harufu ya embe bivu ikachanganyika na dizeli pale chini nilipolala. Sasa niambie, ukiwa Masasi mwezi wa kumi na moja utaikimbilia wapi harufu ya embe? Nilikuwa nikipita sokoni mikono inakufa ganzi, masikio yanaziba, naona vioo barabarani wakati niko mbele ya meza ya muuza nyanya.

Fungu la pili ni kukwepa, hutaki kuongea, hutaki kufika mahali, hutaki hata kuwaza. La tatu ni mawazo na moyo kubadilika: unajilaumu, huamini mtu, kitu ulichokuwa unakipenda hakikugusi tena, unawaona hata wanao kama uko nyuma ya kioo. La nne ni mwili kukaa tayari kwa vita muda wote, unashtuka sufuria likidondoka, hulali, una hasira za ghafla, ukikaa mahali lazima uone mlango.

Ukiwa na mchanganyiko wa hayo yote, yamepita mwezi mmoja na yanakuharibia kazi au nyumba, nenda ukapimwe. Kupimwa kwenyewe hakuna sindano wala picha ya kichwa, ni maswali tu.

Kwanini mwezi mmoja? Mimi nina wiki mbili tu na nateseka.

Kwasababu wiki za mwanzo karibu kila mtu anaota, anashtuka, analia, huo ni mwili kufanya kazi yake na wengi unawaachia wenyewe. Haina maana usisaidiwe sasa hivi. Kula hata kama hutaki, lala mahali unapojiona salama, kaa na watu wako. Nisikilizeni na nyie ndugu mnaokuja kutoa pole: msimlazimishe mtu asimulie. Zamani hata wataalamu walikuwa wanawakalisha watu siku hiyo hiyo watoe yote, utafiti ukaonyesha haiwazuii kuugua na wengine inawazidishia. Akitaka kusema msikilize, akinyamaza mletee uji. Kama hali ni mbaya sana, hawezi kula wala kulala kabisa, hapo usisubiri mwezi uishe.

Tulikuwa basi moja, mwenzangu yuko sawa. Ina maana mimi ni dhaifu?

Hapana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 70 ya watu duniani wanapitia tukio la kutisha katika maisha yao, na wanaoishia kupata PTSD ni asilimia 5.6 ya hao. Waliopitia vita ni asilimia 15.3, na waliofanyiwa ukatili wa kingono nao wako juu sana. Kinachoongeza uzito ni vitu kama kuumizwa na binadamu kwa makusudi, kuwa na mateso mengine ya utotoni, kukwama muda mrefu ukisubiri msaada, na kubwa kuliko yote kurudi nyumbani ukakosa wa kukushika. Mwenzangu aliyekaa siti ya jirani alitolewa ndani ya dakika chache, mimi nilibanwa karibu saa mbili nikisikia mtu ananyamaza kidogo kidogo pembeni yangu. Tiketi zilifanana ila safari hazikufanana.

Huu si ugonjwa wa wazungu?

Jina ndio lilitoka kwao. Madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza kwenye mwongozo wao mwaka 1980, baada ya askari waliorudi Vietnam kushindwa kuishi na watu majumbani. Hali yenyewe imezurura huku Kusini muda wote. Oktoba 1917 pale Mahiwa, Lindi, Wajerumani na Waingereza walipigana siku kadhaa na waliokufa kwa wingi na kubebeshwa mizigo ni Waafrika, miaka hiyo hiyo Ulaya madaktari walikuwa wanaandika juu ya askari wao wanaotetemeka wakisikia kishindo. Wa kwetu nani aliwaandika? Bibi zetu wa Newala na Tandahimba wanakumbuka watu waliovuka Ruvuma wakikimbia vita ya Msumbiji ya 1964 mpaka 1974, mzee anaamka usiku anatoka nje na panga, watu wakasema ndivyo alivyo tangu atoke kule. Mapigano yalipoanza tena Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Oktoba 2017 tukawaona wengine wanavuka, na Oktoba 2020 moto ukafika kwetu wenyewe, kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara.

Halafu kuna wanyama, hili watu wa mjini hawalijui. Watafiti walihesabu kwamba kuanzia 1990 hadi 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300, na Lindi ilikuwa kati ya mikoa iliyoumia zaidi, hasa msimu wa mavuno watu wanapolala kwenye madungu kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Siku hizi Liwale na Nachingwea kilio ni tembo. Mtu aliyeona mwenzake anatolewa dunguni usiku halafu kesho yake inabidi alale dungu lile lile maana mahindi hayajavunwa, usiniambie huyo hajui kiwewe.

Nyumbani wanasema ni pepo. Niende kwa fundi, yaani mganga, au hospitali?

Mimi nilipelekwa kote na simlaumu aliyenipeleka. Bibi yangu alisema, "Ntoto huyu kaacha roho barabarani," na mpaka leo sijasikia maelezo mafupi yaliyo karibu zaidi na ukweli kuliko hayo. Nikasomewa, nikaombewa na jirani zangu Wakristo pia, na kukaa katikati ya watu wanaonitakia mema kulinipa nguvu. Dua na sala endelea nazo. Nakuomba vitu vitatu tu: usiache dozi kwasababu umeambiwa haviendi pamoja, usikubali mtu afungwe kamba au apigwe ili kitu kimtoke, na ukishaanza kuuza shamba au kukopa kwa ajili ya kafara simama kwanza. Mtu aliyepata kiwewe akifungwa na kupigwa anapata kiwewe kingine juu ya kile cha kwanza.

Ni ukichaa? Si ukichaa. Akili yako inajua vizuri mambo yanavyokwenda, inachokosea ni tarehe ya hatari.

Mbona nikikwepa napata nafuu? Si niendelee kukwepa tu?

Hili ndio swali ninalolipenda kuliko yote maana ndani yake kuna ugonjwa mzima na tiba nzima. Ndio, ukikwepa unapata nafuu, nafuu ya kweli, dakika hiyo hiyo. Mimi nilianza kwa kukwepa basi, nikasema nitakuwa nachukua gari dogo mpaka Lindi. Ikafika mahali na gari dogo siwezi. Nikaacha kwenda Kariakoo, nikawa naagiza mzigo kwa watu, wanaleta vitenge visivyouzika, mtaji ukakatika. Nikaacha soko kwa ajili ya maembe. Nikaacha misiba kwa ajili ya kelele. Mwaka wa pili nilikuwa na chumba, uwani na duka la jirani, dunia yangu ilikuwa hapo na bado nilikuwa naota kila usiku.

Kila ukikimbia, king'ora kinajisifu kwamba kimekuokoa, yaani akili inajifunza kwamba hujafa kwasababu ulikimbia. Hakipati nafasi hata mara moja ya kugundua kwamba embe ni embe. Ndio maana kukwepa kunaulisha huu ugonjwa, na hata maneno ya "jikaze usahau" tunayowaambia watu kwa mapenzi yote ni kumwambia akwepe kwa nguvu zaidi. Sisemi uende kesho ukajirushe kwenye basi. Nasema kurudi kunakuja kwa hatua, ukiwa na mtu anayejua kazi yake, na kama hatari bado ipo kweli, mfano mume anayekupiga bado mnalala nyumba moja, kukimbia hapo sio ugonjwa, kimbia.

Sasa tiba yenyewe inafanyikaje?

Dawa namba moja ni maongezi ya mpangilio, sio ushauri wa "usiwaze sana". Ziko aina kadhaa zilizopimwa. Kuna ya kurudia tukio na kukaribia unavyovikwepa hatua kwa hatua, iliyotengenezwa na Edna Foa. Kuna ya kuchambua mawazo ya kujilaumu, ya Patricia Resick. Kuna EMDR ya Francine Shapiro, aliianza 1987, unakumbuka tukio huku macho yanafuata kidole kinachokwenda kushoto na kulia. Na kuna ya kusimulia maisha yako yote, unatandaza kamba sakafuni, unaweka maua kwenye mambo mema na mawe kwenye mabaya, halafu unasimulia jiwe moja moja mpaka liingie mahali pake kwenye maisha yako. Hii ya kamba ilijaribiwa kambi ya wakimbizi ya Nakivale Uganda, na waliofundishwa kuiendesha walikuwa wakimbizi wenyewe.

Mimi nilipata ile ya kwanza. Nilitibiwa Dar, nilifikia kwa dada yangu Mbagala, na kufika kwenyewe nilisindikizwa na mdogo wangu kanishika mkono kilomita zaidi ya 500. Kila wiki kikao kimoja cha dakika tisini. Unafumba macho unasimulia ajali kama inatokea sasa, "niko siti ya dirishani, dereva anapiga honi," ukimaliza unarudia, na simu inarekodi, nyumbani unasikiliza kila siku. Wiki ya kwanza na ya pili nilizidiwa, ndoto ziliongezeka nikataka kuacha. Nakwambia hili mapema ili likikukuta usidhani tiba imeshindikana. Kwenye kikao cha tano nikasikia kwenye sauti yangu mwenyewe kitu ambacho miaka mitatu sikuwahi kukisikia, kwamba nilimshika yule mtu wa pembeni vidole mpaka mwisho. Nilikuwa naamini nilimwacha afe peke yake. Nililia siku nzima, ila kilikuwa kilio kingine.

Kikao cha saba yule mama aliyekuwa ananitibu akatoa embe dodo kwenye mkoba akaliweka mezani. Tulikuwa tunapima hofu kutoka sifuri hadi mia, nikamwambia tisini. Akasema tukae. Hakuniambia nilishike. Nililiangalia lile embe, lilikuwa na doa jeusi karibu na kikonyo na utomvu umekauka umeacha mstari, mapigo ya moyo nayasikia kooni, tukakaa. Baada ya dakika arobaini hivi nikamwambia hamsini. Wiki iliyofuata nikalishika. Iliyofuata nikalimenya, utomvu ukanichubua mkono, ukawa ni utomvu wa embe la mwezi ule, la soko la Mbagala, embe lenye tarehe yake.

Na dawa za vidonge?

Zipo na zinasaidia, hasa kama maongezi hayapatikani karibu au una sonona juu yake. Zinazotumika zaidi ni sertralini, paroksetini, fluoksetini na venlafaksini. Haziponyi siku hiyo, zinahitaji wiki nne mpaka sita ndio uone, na wiki za mwanzo unaweza kupata kichefuchefu, tumbo kuvurugika au hamu ya tendo kupungua, mwambie daktari usiache kimya kimya. Ukipata nafuu kawaida unaendelea kwa miezi mingi, mara nyingi kama mwaka, halafu unashusha taratibu. Hospitali nyingine watakupa amitriptilini, nayo inalaza usingizi, ila usizidishe hata kimoja maana ikizidi inaua moyo. Kama una mimba au unanyonyesha sema mapema.

Nimepewa diazepamu nalala vizuri. Kuna ubaya?

Kuna ubaya. Mimi nilipewa kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, nikameza miezi minane, nilikuwa nalala kama gogo na kuamka kama gogo. Miongozo haishauri ndio iwe tiba ya PTSD, inazoesha mwili, na inafunika ile hofu ambayo akili inahitaji kuipitia ili ijifunze. Ukiwa umeshazoea usikate ghafla, unaweza kupata degedege, rudi kwa daktari akupunguzie kidogo kidogo.

Uraka kidogo jioni je?

Uraka, gongo ya mabibo, bangi, vyote ni kukwepa kwa njia ya koo. Usingizi wa pombe ni mwepesi, saa nane unaamka na ndoto imekusubiri. Kama umeshafika mahali hulali bila kunywa mwambie mhudumu ukweli, wanatibu vyote viwili kwa pamoja.

Mtoto wangu wa miaka sita aliona. Hasemi kitu, anacheza tu. Atasahau?

Angalia anacheza nini. Mtoto anaweza asiseme neno lakini kila siku anagonganisha vigari, au anazika mdoli. Kukojoa kitandani wakati alishaacha, kukung'ang'ania, kuumwa tumbo asubuhi ya shule, kuwa mkorofi ghafla, hizo ndio lugha zao. Mwambie ukweli kwa maneno mafupi, usimwambie baba kasafiri wakati mmemzika. Mrudishie ratiba, chakula saa ile ile, kulala saa ile ile. Usimchape kwa kukojoa.

Na tiba kwa watoto inafanya kazi sana. Moshi hapa kwetu na Bungoma kule Kenya waliwafundisha watu wa kawaida, sio madaktari, wakaendesha vikao 12 vya vikundi kwa watoto waliofiwa na wazazi, watoto 640 walishiriki, majibu yakatoka 2020, na katika maeneo matatu kati ya manne yaliyofanyiwa utafiti, watoto waliopata tiba walipungukiwa dalili kuliko wenzao ambao hawakuipata. Nikiisoma ile nawaza walimu wetu wa Ruangwa na Tandahimba, wangefundishwa hivyo watoto wangapi tungewaokoa. Kama mtoto anafanyiwa ukatili sasa hivi piga 116, ni bure.

Nimebakwa na sijamwambia mtu.

Pole dada yangu, pole kaka yangu maana na wanaume mnaniandikia. Hukusababisha wewe. Kama ni ndani ya saa 72 nenda hospitali leo, kuna dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi na zinafanya kazi vizuri zaidi ukiwahi, za kuzuia mimba zinakubali mpaka siku tano. Usioge wala kufua nguo kabla kama utaweza, ukiwa umeshaoga nenda hivyo hivyo. Polisi kuna dawati la jinsia na watoto, ndiko inakopatikana PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, lakini matibabu ya dharura yasisubiri karatasi. Kama ni miaka kumi iliyopita pia hujachelewa kwa hii tiba ya maongezi. Na kama uliganda ukashindwa kupiga kelele, kuganda ni mwili unavyofanya ukiona hauna pa kutokea, haikuwa kukubali.

Shemeji yako aliponea chupuchupu kwa tembo shambani, siku hizi usiku ananirushia ngumi. Nifanye nini?

Usimtikise. Simama mbali na mikono yake, washa taa, muite jina lake la nyumbani kwa sauti ya kawaida, mwambie "uko ndani, uko Nachingwea, mimi ni mama fulani, leo ni Jumanne". Akifumbua macho usimuulize ameota nini, mpe maji ya baridi ashike kikombe. Kama ngumi zinakufikia tandika kitanda kingine kwa muda na mkubaliane mchana, isiwe kama adhabu. Mchana akishikwa na hofu mwambie ataje vitu vitano anavyoviona, vinne anavyogusa, vitatu anavyosikia, huku anatoa pumzi ndefu kuliko anayovuta.

Usimfanyie kila kitu. Mume wangu kwa upendo wake alikuwa ananizungusha njia nyingine tusipite sokoni, tulipofundishwa ndio akajua alikuwa anausaidia ugonjwa. Sasa akaanza kunisindikiza mpaka mwanzo wa soko, wiki ijayo hatua ishirini zaidi. Na wewe unayemuuguza tafuta wa kumwambia yako. Akikupiga akiwa macho, hiyo sio ndoto tena na ugonjwa hauwi ruhusa.

Anasema bora afe. Nichukulie maneno tu?

Chukulia kweli. Muulize wazi kama anawaza kujiua, kuuliza hakumpi wazo hilo. Usimwache peke yake usiku huo, mpelekeni hospitali iliyo karibu. Na huku kwetu kila nyumba ina dawa za kupulizia mikorosho chini ya kitanda au darini, toeni leo hii, mpeni jirani afungie. Wazo la kufa mara nyingi linakuja kwa nguvu halafu linapungua, kinachotakiwa ni sumu isiwe karibu katika saa hiyo. Anayesoma hapa na ndio yeye mwenyewe, mwamshe mtu sasa hivi mwambie usiniache.

Wewe umepona kabisa?

Nasafiri tena Kariakoo, vitenge nachagua mwenyewe. Bado nakaa siti ya njiani na mwezi wa kumi na moja silali vizuri siku tatu nne. Maembe nakula.

Niko kijijini, naanzia wapi?

Anza zahanati au kituo cha afya, omba rufaa. Hospitali za rufaa za mkoa ni Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, huko uliza kitengo cha afya ya akili moja kwa moja. Hospitali za Ndanda, Nyangao na Mkomaindo pia ulizia kama uko karibu nako. Mtwara kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Ustawi wa jamii wa halmashauri nao wanaweza kukuelekeza. Usiende peke yako kama unaweza, na usichague siku ya mnada.

Ukifika dirishani maneno yanaweza kukauka, yalinikauka mara mbili nikasema kichwa kinauma nikapewa panado nikarudi. Kwahiyo andika kwenye karatasi ukiwa nyumbani, hivi tu: "Nilipata tukio baya mwezi fulani mwaka fulani. Tangu hapo naota usiku, nakwepa hiki na hiki, nashtuka, nalala saa kadhaa. Sitaki kulieleza hapa mbele za watu. Naomba kuonana na mhudumu wa afya ya akili." Mkabidhi nesi, halafu chagua benchi lililo karibu na mlango ukae usubiri.